Gia Nyepesi

Kati ya barabara na karakana ya fundi wetu kuna mtaro. Si mpana. Mtu mzima anauvuka kwa hatua moja, na mafundi wameuwekea ubao wa kupitishia pikipiki. Ubao huo haubebi magurudumu matatu. Kwa hiyo dada yangu, ambaye miguu yake haijambeba tangu augue akiwa na miaka mitatu, alikuwa akisimamisha baiskeli yake ya mikono ukingoni mwa barabara, nami navuka kwenda kusema na fundi kwa niaba yake. Nilikwenda na kurudi mara nyingi, malori yakipita kati ya maneno yake na masikio ya fundi.

Naanza na mtaro kwa sababu kosa lilianzia hapo, na kosa lenyewe nililibeba mimi.

Dada yangu ni mchukuzi wa mizigo mpakani. Wako wengi kama yeye, Busia na Malaba, watu wasiotembea ambao huvuka na baiskeli za magurudumu matatu, pedali zikiwa mbele ya kifua na sanduku la chuma nyuma ya kiti. Kwenda Uganda hubeba sabuni na mafuta ya kupikia. Kurudi hubeba maharagwe. Kwenda ni rahisi, maana barabara ya Malaba hushuka hadi mtoni. Kurudi ni kupanda kutoka darajani, na gunia la maharagwe haliinuliwi na mikono miwili inayozungusha pedali. Kwa hiyo kila mchukuzi ana msukumaji.

Wasukumaji si watu wabaya. Lakini niliona, kwa miaka niliyofanya kazi ya ukarani katika ofisi ya wakala wa forodha juu ya mteremko huo, jinsi mambo yanavyokwenda. Mwenye mzigo husalimiana na msukumaji. Huulizana naye kuhusu magunia. Kisha humwambia, "Mwambie mama awahi," na mama, yaani mchukuzi mwenyewe, ameketi hapo hapo, masikio yote mawili mazima. Msukumaji akichoka, mama amechoka. Msukumaji akiamua kunywa chai, mama anangoja juani na mzigo wake.

Dada yangu alitaka kitu kimoja tu, na alikisema wazi tangu siku ya kwanza: kupanda kutoka darajani na magunia matatu bila mkono wa mtu mgongoni mwake.

Alianza miaka miwili kabla, fundi wa kuchomelea kule Matayos alipomtengenezea pikipiki ya magurudumu matatu. Injini ilikuwa ya sisi mia, kama mafundi wanavyoisoma cc 100, ya pikipiki ya kawaida. Kwa kuwa gia za pikipiki hubadilishwa kwa mguu, alimwekea fimbo ya chuma inayopanda kando ya paja la kushoto, ili abadilishe kwa mkono. Kilikuwa chombo kizuri. Kilipanda na gunia moja. Kwa magunia mawili kilipiga kelele hadi katikati ya mlima, kisha mtu alilazimika kusukuma. Wenye mizigo wanataka magunia matatu kwa safari, na yule anayebeba moja huitwa mwisho, wengine wote wakiwa wameshapata.

Ndipo ikapatikana injini ya sisi mia mbili, ya pikipiki iliyogongwa ambayo mwenyewe hakutaka hata kuiona tena. Na ndipo tukamwendea fundi wa Malaba, kwa maana kila mtu alisema kama ni injini, ni yule.

Alikuwa mwanamume mfupi mwenye mabega mapana, aliyekuwa tanboi, msaidizi wa dereva, kwenye malori kwa miaka mingi kabla ya kuwa fundi wa malori hayo hayo. Alijua barabara ya Mombasa hadi Kampala kwa milima yake, si kwa miji yake. Aliikagua injini, akaizungusha kwa mkono, akasikiliza.

"Injini na giaboksi ni mwili mmoja," aliniambia. "Hiyo haina shida, zimekuja pamoja. Shida ni kule nguvu inakoenda. Meno ya mbele, cheni, meno ya nyuma, ekseli. Hivyo vyote vilizoea mtoto. Sasa unaleta mwanamume ndani ya nyumba. Muulize dada yako anataka gia gani."

Nilivuka mtaro. Lori la mafuta lilikuwa likipita. Dada yangu alisubiri lipite, kisha akasema, "Mwambie anipe gia nyepesi. Nyepesi kabisa."

Mimi ni mtu wa daftari. Kazi yangu ni karatasi, na nimejifunza kwamba lisiloandikwa hukanwa. Niliandika: gia nyepesi kabisa. Nikavuka tena na kumsomea fundi.

Alinitazama. "Nyepesi?"

"Nyepesi."

"Una uhakika, karani?"

"Amesema kabisa."

"Kabisa!" Alicheka na kumgeukia mwenzake aliyekuwa chini ya trela. "Umesikia? Mama anataka kuruka. Haya. Mteja akitaka kuruka, fundi anampa mabawa."

Nilicheka pia. Nilidhani ni mzaha tu.

Kazi ilichukua siku nne. Kila jioni nilipotoka ofisini nilipitia pale, nikaandika kilichofanyika. Walikata vishikio vya zamani vya injini na kuchomelea vipya. Walirefusha fimbo ya gia kwa sababu mdomo wa giaboksi mpya ulikuwa chini zaidi. Cheni nyembamba iliondolewa, ikawekwa nene. Mbele, pale injini inapovuta cheni, palikuwa na gurudumu la meno kumi na tano; fundi aliweka la kumi na saba. Nyuma, kwenye ekseli, palikuwa na meno arobaini na mawili. Aliweka thelathini na manne. Niliandika namba zote hizo kwa usafi, katika safu mbili. Sikuelewa hata moja. Nilikuwa kama karani anayepiga muhuri tamko la bidhaa ambazo hajaziona.

Siku ya tano dada yangu alihamia kwenye kiti cha pikipiki. Fundi alikuwa ameifikisha barabarani kwa kuipitisha mbali, kwenye kivuko cha malori. Alimwonyesha gia: ya kwanza kwa kusukuma fimbo mbele, nyingine kwa kuivuta. Dada yangu akaondoka kuelekea Amagoro, barabara tambarare, na aliporudi kilemba chake kilikuwa kimeshuka shingoni na machozi ya upepo yalikuwa mashavuni.

"Nimempita mtu wa boda," alisema. "Nimempita! Akageuka kunitazama, karibu aingie kwenye shamba la watu."

Sikumbuki kumwona akicheka hivyo tangu tukiwa watoto kwetu Mundika.

Siku iliyofuata ilikuwa ya soko. Alishuka hadi Uganda asubuhi, tupu, na alijua nitakuwa dirishani. Ofisi yetu iko ghorofa ya kwanza na kutoka mezani kwangu naona barabara yote, kutoka daraja hadi geti. Saa nne kasoro nilimwona akitokea darajani. Magunia matatu yalikuwa nyuma yake, mawili yamelala na moja juu, yamefungwa kwa kamba ya mpira. Nyuma yake lilifuata lori la kontena, na nyuma ya lori hilo foleni.

Alianza vizuri. Alikuja kwa kasi kutoka kwenye tambarare ya daraja na theluthi ya kwanza ya mlima aliipanda kwa kasi hiyo. Kisha sauti ilibadilika. Injini ya sisi mia ilikuwa ikipiga kelele inapochoka. Hii mpya haikupiga kelele, ilinguruma kwa chini, kwa chini zaidi, kama mtu anayeinua kitu kizito huku amefunga mdomo. Nilimwona akisukuma fimbo. Alikuwa tayari kwenye gia ya kwanza. Hakukuwa na nyingine chini yake.

Alibana klachi nusu ili injini isizime. Ukitazama kutoka juu ungeona moshi mweupe mwembamba ukitoka chini ya kiti. Magurudumu yalisimama. Injini ilikuwa ikizunguka, lakini magurudumu yalikuwa yamesimama. Halafu yakaanza kurudi nyuma.

Nilikuwa nimesimama, mikono yangu miwili kwenye kioo cha dirisha. Kutoka pale hadi kwake ni hatua kama mia mbili. Nilizihesabu baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba hata nikiruka dirishani sitafika. Breki zake zilikuwa za mkono, zile zile za zamani, zilizotosha gunia moja. Zilishika, zikaachia, zikashika. Pikipiki ilirudi nyuma hatua moja, ikasimama, ikarudi hatua mbili. Dereva wa lori alipiga honi, sijui kwa hasira au kwa hofu, na mimi nilifanya kitu ambacho naona aibu kukiandika. Nilifunga macho.

Nilipoyafungua, tanboi wa lori lile alikuwa ameruka kutoka mlangoni na gogo lake, lile wanalotumia kuzuia magurudumu mlimani, na alikuwa amelisukumiza chini ya gurudumu la nyuma la dada yangu. Kati ya sanduku lake na bampa ya lori pangeweza kupita mtu mmoja mwembamba.

Niliposhuka na kufika, watu walikuwa wamejaa.

"Mama, hii ni ndege ama ni pikipiki?" tanboi alikuwa akimwuliza, akihema. "Ndege haipandi mlima hivi, mama. Inaruka juu yake."

"Nyabo, karibu tena kwetu," alisema msukumaji mmoja wa upande wa Uganda, akimwita mama kwa Kiganda, na wenzake wakacheka. "Tulijua utarudi. Injini haina mikono."

Harufu ya klachi iliyoungua ilikuwa kama ya nywele zilizochomwa. Dada yangu alizima injini na kuweka mikono yake juu ya mapaja. Wasukumaji wanne walishika sanduku, wakaanza kuimba wimbo wao wa kusukuma, na nikashika upande wangu kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu. Tulipanda hivyo hadi juu. Mwenye maharagwe alikuwa akingoja getini. Alimwambia mmoja wa wasukumaji, "Mwambie mama wakati mwingine achukue moja tu."

Karakanani, fundi alifungua kifuniko cha klachi, akatoa sahani moja na kuinusa. Ilikuwa nyeusi.

"Nilisema," alisema. "Nilishangaa. Nikasema, mama wa mizigo anataka nyepesi? Lakini injini ni kubwa, nikadhani labda anajua kitu ambacho mimi sijui."

"Alitaka nyepesi ili apande," nilimwambia.

"Nyepesi ya kupanda?" Aliweka sahani chini. "Karani, wewe umewahi kukaa kwenye lori? Kupanda ni gia nzito. Ya kwanza, ya pili, hizo ndizo nzito, ndizo zinavuta. Nyepesi ni zile za mwisho, za tambarare, lori likiwa linakwenda lenyewe na dereva anapiga miluzi. Mtu akiniambia nyepesi kabisa, nampa mwendo."

Nilivuka mtaro. Nilimweleza dada yangu, na kabla sijamaliza nilikuwa nimeelewa mwenyewe. Yeye alikuwa amezungusha pedali kwa mikono kwa miaka ishirini na zaidi. Kwa mtu wa pedali, gia nzito ni ile inayokataa kuzunguka, inayochana mabega. Nyepesi ni ile inayozunguka kwa urahisi mlimani, hata kama unakwenda polepole. Neno moja, watu wawili wanaoishi barabara moja, na kila mmoja alilipima kwa kiungo cha mwili wake. Fundi alilipima kwa uzito wa lori. Dada yangu alilipima kwa mikono yake. Mimi, niliyesimama katikati, sikulipima kabisa. Nililiandika tu.

Nilianza kumwomba radhi.

"Uliandika nini?" aliuliza.

Nilimwonyesha ukurasa. Aliusoma, na safu mbili za meno pia, akazikazia macho kwa muda.

"Kumi na saba mbele," alisema. "Thelathini na nne nyuma. Siku ya pili ulikuwa na hii?"

"Ndiyo."

"Ungenionyesha, ningejua. Mtoto yeyote aliyefunga cheni ya baiskeli angejua. Mbele ikiwa kubwa na nyuma ndogo, mlima hupandi." Alinirudishia daftari. "Hukunionyesha."

Haikunijia kumwonyesha. Nilikuwa nikipeleka maneno yake kwa fundi; sikuwa nikirudi na ya fundi, ila kusema kazi inaendelea vizuri.

"Mwite aje hapa," alisema.

"Nitamwambia..."

"Usimwambie kitu. Mwite."

Fundi alikuja akifuta mikono, akavuka mtaro na kuchuchumaa kando ya gurudumu la mbele la baiskeli ya mikono, iliyokuwa imeletwa kumchukua.

"Mama, pole sana," alianza, akinitazama mimi.

"Mimi niko huku," dada yangu alisema.

Fundi aligeuza kichwa. "Pole, mama."

"Shika hapa." Alimshika mkono na kuuweka kwenye pedali. "Zungusha. Unasikia? Hii ni nyepesi. Sasa niambie meno mangapi, mbele na nyuma, ili ile injini iwe hivi na magunia matatu."

Nilitaka kubaki nisikilize. Alinitazama, si kwa ukali. "Wewe nenda kazini. Boss wako atakutafuta."

Kwa hiyo yaliyofuata niliyapata kwa vipande, mengine kwake, mengine kwa fundi aliyenisimulia mwenyewe kwa sauti ya mtu aliyekutana na mteja asiyemtarajia. Walibishana karibu saa nzima. Alitaka hamsini nyuma; fundi alisema gurudumu la hamsini lingegusa fremu. Wakakubaliana kumi na nne mbele na arobaini na nane nyuma. Sahani za klachi mpya, na springi ngumu zaidi. Kisha fundi akamwambia jambo ambalo, nadhani, asingeniambia mimi, au ningelisikia nisilielewe: kwamba ukiipa injini ile kubwa meno ya kupandia, nguvu yote itafika kwenye ekseli, na ekseli ile ilichongwa kwa injini ya sisi mia. Haikuvunjika siku ya soko kwa sababu klachi iliungua kwanza. Sasa klachi haitaungua.

"Ukifungua mafuta yote kwa mara moja, mama, chuma kitajisokota kama kamba. Sina ekseli nyingine. Ya kutosha inatakiwa kuchongwa, na chuma chake sijakipata, Busia wala Tororo. Nenda nayo taratibu. Mpe mwanamume chakula kidogo kidogo."

"Nitaijuaje ikianza kujisokota?"

"Hutaijua. Utajua ikishamaliza."

Nilipolisikia hili nilimsihi. Nilimwambia angoje ekseli. Nilimwambia abebe mawili. Nilimwambia, mwisho wa yote, kwamba nitasimama katikati ya mlima na gogo, kila siku ya soko, nimeshaomba ruhusa ofisini. Hilo lilikuwa kweli, nilikuwa nimeomba.

Alikuwa akichambua mchele. Hakuacha.

"Ukisimama pale," alisema, "kila mtu atajua unasimama kwa nini. Hata mimi mwenyewe nitajua. Niahidi hutasimama. Na usiwe dirishani."

Nilimwahidi. Nilijaribu kuahidi nusu ya pili tu, akakataa.

Siku ya soko nilihamisha kiti changu, nikakaa nikiwa nimegeuzia dirisha mgongo. Mfanyakazi mwenzangu aliuliza kama jua linanisumbua. Nilisema ndiyo. Mteja, dereva kutoka Eldoret aliyekuwa na makosa kwenye karatasi zake, aliketi mbele yangu akinieleza habari ndefu, nami nilikuwa nikisikiliza mlima. Malori yana sauti nyingi, lakini kila moja ni nene. Pikipiki za abiria ni nyembamba na hupita haraka. Nilikuwa nikitafuta sauti iliyo katikati ya hizo, isiyopita haraka.

Niliipata saa nne na kidogo. Ilikuwa polepole kuliko nilivyofikiri, polepole kuliko mtu anayetembea. Nilisikia wasukumaji wakimpita, wimbo wao ukiwa mbele ya injini yake, na kelele zao za kumtania, ingawa maneno hayakufika. Injini haikunguruma kwa chini kama mara ile. Ilikwenda juu kidogo, sawasawa, bila kupanda wala kushuka. Nilihesabu bila kutaka. Nilijua mlima ule una urefu gani.

Kisha ikazima.

Lori lilipiga honi. Nilikuwa nimeshanyanyuka nusu, kiganja kimoja juu ya meza.

"Boss," dereva aliniambia, "kuna nini?"

Nilikaa. Nilichukua karatasi zake na kumwambia palipokosewa, mstari mmoja baada ya mwingine, na sauti yangu ilitoka ya kawaida kabisa. Huko nje palikuwa na watu wakisema, honi nyingine, mlango wa lori ukifungwa. Sikugeuka. Nadhani lilikuwa jambo gumu kuliko yote niliyowahi kufanya ofisini, na halikuwa jambo, lilikuwa kukaa.

Baada ya muda, sijui mrefu kiasi gani, palikuwa na injini nyingi tena, na sikuweza kujua kama yake ilikuwa kati ya hizo.

Mchana nilimkuta getini. Sanduku lilikuwa tupu. Magunia yalikuwa yameshachukuliwa. Alikuwa akinywa soda, mafuta meusi yakiwa kwenye mkono wa kushoto hadi kiwikoni, na pikipiki ilisimama kando yake kwenye magurudumu yake matatu. Nilitazama ekseli. Kutoka nje hainionyeshi kitu, mimi si fundi. Nilitazama mgongo wa kiti, kama kuna alama ya viganja kwenye vumbi. Kulikuwa na vumbi, na lilikuwa limefutika, lakini kiti hufutwa na mambo mengi.

"Umekula?" aliniuliza.

"Bado."

"Kale. Mimi nina safari nyingine."

Alivuta klachi na kusukuma fimbo mbele. Nilisimama pale mpaka akashuka na kupotea nyuma ya malori. Sikumwuliza ilizima kwa nini, wala alifikaje juu, na mpaka leo hajaniambia.